Robert Serumaga: Mwigizaji aliyeiandika Uganda kinyumenyume

MJI mdogo wa Murongo, uliopo wilayani Kyerwa katika mkoa wa Kagera, umetazamana na Kikagati ya Uganda. Kinachoitenganisha miji hiyo miwili ni Mto Kagera. Mnyambo wa upande huu na Mnyankole wa upande ule huelewana bila mkalimani, na biashara ya ndizi, kahawa na nguo imewaunganisha kwa miaka mingi kuliko umri wa mpaka wenyewe.

Mto huo, unaopita Murongo na kuteremka hadi Kyaka kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ndio ambao nduli Idi Amin aliutangaza Novemba 1978 kuwa mpaka mpya wa nchi yake. Wakazi wa Kagera wa umri mkubwa hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata.

Wasiyoyasikia mara nyingi ni habari za Waganda waliokuwa wameona dalili za balaa hilo mapema na kuziandika. Mmoja wao ni Robert Serumaga, mwigizaji wa jukwaani, mwandishi wa tamthilia na riwaya, ambaye mwaka 1969, wakati Amin bado ni mkuu wa jeshi tu, alichapisha riwaya kuhusu nchi ya kubuni inayotikiswa na mapinduzi ya kijeshi.

Nchi hiyo aliipa jina la Adnagu. Anayelisoma jina hilo kuanzia mwisho kwenda mwanzo hahitaji kuelezwa ni nchi gani iliyokusudiwa.

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 katika Buganda, akakulia maeneo ya Masaka kwa malezi ya mama yake, katika mazingira ya Kanisa Katoliki. Masaka ni mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Mutukula kwenda Kampala, na kwa miaka mingi watu wa Bukoba waliokwenda Uganda kutafuta kazi, shule au hospitali walipita hapo.

Kizazi chake kilikuwa cha vijana waliohitimu masomo wakati bendera za wakoloni zinateremshwa. Uganda ilipata uhuru Oktoba 9, 1962. Juni ya mwaka huohuo Chuo cha Makerere mjini Kampala kilikuwa kimewakutanisha waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, na kwa muda mji huo ukawa kitovu cha fasihi katika Afrika Mashariki. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, lilikuwa likichapishwa hapo na kusomwa hadi Ulaya na Marekani.

Serumaga yeye alikwenda kusoma ng'ambo. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, nchini Ireland, akasomea uchumi hadi shahada ya uzamili, aliyoipata katikati ya miaka ya 1960. Ni somo ambalo lingemfungulia mlango wa wizara au benki yoyote nyumbani, kwa kuwa nchi changa ilikuwa na wachumi wa kuhesabika kwa vidole.

Hata hivyo, Dublin ni mji wa maigizo. Katika chuo hicho ndiko alikosoma Samuel Beckett, mwandishi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1969, na ambaye wahusika wake husubiri kando ya njia jambo lisilofika. Wachambuzi wa tamthilia za Serumaga hawakuchelewa kuona kwamba Mganda huyo alirudi na mengi zaidi ya uchumi kutoka Ireland.

Kutoka huko alifanya kazi za utangazaji mjini London, katika vipindi vilivyohusu Waafrika na sanaa zao. Kazi hiyo ilimkutanisha na waandishi wakubwa wa wakati ule. Mwaka 1967 alimhoji Chinua Achebe wa Nigeria, na mahojiano hayo yamehifadhiwa katika kitabu cha mazungumzo na waandishi wa Afrika kilichotoka mwaka 1972.

Mahojiano hayo yalikuja katika kipindi cha pekee. Januari 1966, Achebe alikuwa amechapisha riwaya ya A Man of the People, ambayo inamalizika kwa mapinduzi ya kijeshi, na katika mwezi huohuo wanajeshi wa Nigeria wakaiangusha serikali yao kweli. Mtangazaji kijana aliyekaa mbele yake alitoka nchi ambayo nayo ilikuwa imeanza kunuka baruti.

Mei 24, 1966, majeshi ya Uganda, chini ya amri ya Idi Amin na kwa uamuzi wa Rais Milton Obote, yalishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa II katika kilima cha Mengo. Kabaka, ambaye pia aliwahi kuwa Rais wa nchi, aliponea chupuchupu na kukimbilia Uingereza, ambako alifariki dunia mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Kwa Mganda yeyote wa Masaka, hayo yalikuwa maumivu ya ndani ya nyumba.

Serumaga alirejea nyumbani katika hali hiyo. Kampala ilikuwa na Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959, lakini kwa muda mrefu jukwaa lake lilitawaliwa na vikundi vya wageni waliocheza michezo ya kwao. Mshairi Okot p'Bitek, aliyekabidhiwa uongozi wa jumba hilo mwaka 1966, alikuwa amejitahidi kuliingiza ngoma na sanaa za Waganda wenyewe.

Serumaga aliingia kwa njia yake. Aliunda kikundi cha kulipwa kilichoitwa Theatre Limited, akikusudia kwamba mwigizaji wa Kiafrika aweze kula kwa jasho la sanaa yake kama wafanyavyo mwalimu na karani. Wazo hilo lilionekana geni. Maigizo yalihesabiwa kuwa burudani ya baada ya kazi, na mtu mwenye shahada ya uchumi aliyejipaka rangi usoni ili apande jukwaani alionekana kuichezea elimu yake.

Mchezo wake wa kwanza aliupa jina la A Play, yaani mchezo tu. Ulionyeshwa mwaka 1967 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Unamhusu mtu mwenye mali ambaye kifo cha mkewe kinaendelea kumwandama. Mwandishi alikuwa mwongozaji na mwigizaji pia, na desturi hiyo ya kuigiza katika kazi zake mwenyewe aliidumisha.

Ndipo ikaja riwaya. Return to the Shadows ilichapishwa mwaka 1969 na kampuni ya Heinemann katika mfululizo wake maarufu wa waandishi wa Afrika, ikawa kitabu cha 54 katika orodha iliyofunguliwa na Achebe. Kwa mwandishi wa miaka 30, aliyejulikana zaidi kwa sauti na sura kuliko kwa kalamu, hiyo ilikuwa heshima kubwa. Mfululizo huo ulisomwa mashuleni na vyuoni kutoka Lagos hadi Nairobi.

Mhusika mkuu ni Joe Musizi, msomi mwenye nafasi na mali mjini. Wanajeshi wa Adnagu wanapotwaa madaraka, Musizi anafanya kile ambacho wasomi wengi wamefanya katika hali kama hiyo: anatoroka ili kujinusuru. Lakini anayekimbia peke yake huwaacha wengine nyuma, na ukatili unaofuata hauwachagui walio na hatia na wasio nayo.

Swali linaloibeba riwaya hiyo ni la mtu mmoja na dhamiri yake. Je, msomi anayechukia udhalimu afanye nini mtutu wa bunduki unapoingia mjini? Abaki na kunyamaza, akimbie na kuishi, au asimame na kufa? Musizi hana jibu safi, na Serumaga hakumtungia.

Katika nchi nyingine, mwigizaji anayegeuka kuwa mwandishi wa riwaya huwa habari ya mafanikio. Miaka ileile, Tom Tryon wa Marekani, nyota wa filamu ya The Cardinal ya mwaka 1963, aliachana na Hollywood na mwaka 1971 akatoa riwaya ya The Other, iliyouzwa kwa mamilioni na kutengenezewa filamu mwaka 1972. Kalamu ilimpa Tryon utajiri na uhuru ambao waongozaji wa filamu walimnyima.

Kwa Serumaga hali haikuwa hivyo. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Idi Amin alitwaa madaraka. Kisa cha Adnagu kikatoka katika kurasa za kitabu na kuingia mitaani Kampala. Mwanzoni umati ulishangilia, hasa Buganda, ambako wengi walikuwa bado na uchungu na Obote. Shangwe hizo hazikudumu.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Septemba, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka kujaribu kumng'oa, wakashindwa. Kisasi kikawaangukia watu mashuhuri waliobaki ndani. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na hakuonekana tena. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye akatoweka.

Serumaga alibaki. Alikuwa na kikundi cha kulisha na kazi alizokwisha kuzianza. The Elephants, iliyotoka kitabuni mwaka 1971, ilimhusu mtafiti wa chuo kikuu na msanii mkimbizi aliyemhifadhi, na uongo unaofichwa ndani ya wema wa aina hiyo. Majangwa, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1974, iliwaweka jukwaani watu wawili tu: mpiga ngoma aliyewahi kusifika na mwanamke wake, ambao sasa wanajidhalilisha kando ya barabara mbele ya watazamaji ili wapate riziki.

Haikuhitaji macho makali kuona kwamba mpiga ngoma yule aliyeuza heshima yake alikuwa zaidi ya mtu mmoja. Lakini mchezo haukumtaja mtawala, haukutaja jeshi, na ulikuwa katika Kiingereza, lugha ambayo askari wengi wa Amin hawakuifuatilia ukumbini.

Hapo ndipo mwelekeo wa Serumaga ulipobadilika, na badiliko hilo lina funzo kwa Watanzania. Mwaka 1969, mwaka uleule wa Return to the Shadows, Ebrahim Hussein alikuwa amechapisha tamthilia ya Kinjeketile kwa Kiswahili, na mtu wa Lindi, wa Mwanza na wa Karagwe wote waliweza kuisoma kama mali yao. Uganda haikuwa na lugha ya namna hiyo. Kiingereza kiliwafikia wasomi, Kiganda kiliwafikia Waganda wa kusini, na Kiswahili kwa wengi kilikuwa lugha ya askari.

Mwaka 1972 Serumaga alijibu tatizo hilo kwa Renga Moi. Mchezo huo ulichotwa katika masimulizi ya Waacholi wa kaskazini, na ukachezwa kwa lugha nne za Uganda kwa wakati mmoja, huku ngoma, nyimbo na miili ya waigizaji ikibeba kile ambacho mtazamaji hakukielewa kwa masikio. Hakuna mtu ukumbini aliyeelewa kila neno, na hakuna aliyetoka bila kuelewa kisa.

Renga Moi ni kiongozi wa vita aliyepata watoto pacha. Mila inamtaka atimize tambiko la pacha kwanza, wala asimwage damu kabla ya hapo. Lakini adui amefika na kijiji kinamhitaji. Akiwatii wazee, kijiji kitateketea. Akienda vitani, wanawe watakuwa hatarini. Anakwenda vitani, na gharama ya uamuzi huo inamsubiri nyumbani.

Mganda wa Masaka kuchukua kisa cha Waacholi mwaka 1972 lilikuwa jambo zito. Katika miaka hiyo wanajeshi wa Kiacholi na Kilango walikuwa wakichinjwa kambini kwa sababu ya kabila lao na kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Obote. Kumweka shujaa wa Kiacholi katikati ya jukwaa mjini Kampala, mbele ya watazamaji wa makabila yote, lilikuwa tendo lililojieleza lenyewe.

Kikundi nacho kilibadilika. Theatre Limited kikaja kujulikana kwa jina la Abafumi, maana yake wasimulizi. Serumaga aliwakusanya vijana, akawafanyisha mazoezi makali ya mwili, pumzi, sauti na ngoma. Wachambuzi wa sanaa za maonyesho waliyalinganisha mazoezi hayo na yale ya Jerzy Grotowski wa Poland, aliyeamini kwamba mwili wa mwigizaji ndio chombo kikuu cha jukwaa. Chanzo kingine kilikuwa karibu zaidi: ngoma za vijiji vya Uganda, ambako mchezaji hajawahi kutenganisha wimbo, hadithi na hatua za miguu.

Mwaka 1974 alipiga hatua ya mwisho katika safari hiyo. Amayirikiti, jina la miti yenye maua mekundu kama moto, ni mchezo usio na mazungumzo. Waigizaji wanacheza, wanalia, wanaanguka, wanabebwa. Kinachosimuliwa ni mauaji, na kinasimuliwa bila sentensi hata moja ambayo mtu wa usalama angeweza kuinakili katika ripoti yake.

Kwa hiyo katika miaka mitano mtu mmoja alitoka kwenye riwaya ya Kiingereza iliyoficha jina la nchi kwa kuligeuza, akapita katika mchezo wa lugha nne, akafika kwenye mchezo usio na lugha. Kila mlango ulipofungwa alitafuta mwingine. Wapo wanaousifu mtindo huo kwa upya wake katika sanaa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini upya huo ulizaliwa pia na hofu: Uganda ilikuwa imefika mahali ambapo neno moja lingeweza kumwondoa mtu nyumbani kwake usiku.

Katika hali ya kushangaza, serikali iliyoogopwa hivyo ilikiacha kikundi hicho kisafiri. Mwaka 1975 Renga Moi ilionyeshwa London, katika msimu wa michezo ya kimataifa kwenye ukumbi wa Aldwych, na Abafumi wakapata mialiko ya nchi nyingine. Wageni waliona Uganda yenye sanaa ya kiwango cha juu. Serikali yenye jina baya duniani haikuchukia kuonekana hivyo. Na waigizaji walilazimika kuishi na ukweli kwamba makofi waliyopigiwa ugenini yaliweza kumnufaisha hata yule waliyekuwa wakimsimanga kwa miili yao.

Huo ni upande wa maisha ya Serumaga usio na jibu rahisi. Msanii anayebaki ndani ya nchi ya dhalimu huhifadhi sauti, lakini hutoa pia pambo. Joe Musizi wa kwenye riwaya alikimbia na kuhukumiwa na dhamiri. Mwandishi wake alibaki, na kubaki nako kulikuwa na gharama yake.

Mwaka 1977 nafasi hiyo finyu ilifungwa kabisa. Februari 16 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa. Mwaka huohuo aliuawa Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliyekuwa ametoka kuipeleka Uganda kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos. Kwa wasanii wa Kampala ujumbe ulikuwa dhahiri. Jukwaa halikuwa tena kinga.

Serumaga alikwenda uhamishoni Kenya. Naye sasa akawa Musizi, msomi aliyekimbia ili aishi. Hata huko hakukuwa na pepo ya waandishi: mwisho wa mwaka huohuo serikali ya Kenya ilimweka kizuizini Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya mchezo aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikikuyu kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Tofauti ni kwamba Nairobi ilimwacha mkimbizi aendeshe harakati zake, alimradi zilielekezwa kwingine.

Na kweli zilielekezwa Kampala. Serumaga aliweka kando maigizo na kujiunga na Waganda waliokuwa wakitafuta njia ya kumwondoa Amin. Oktoba 1978 Amin mwenyewe aliwapa njia hiyo. Majeshi yake yalivuka mpaka, yakateka eneo la Kagera hadi mtoni, yakapora ng'ombe, kuua raia na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Julius Nyerere akalitangazia taifa vita, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanza safari ambayo haikuishia mpakani.

Mwishoni mwa Februari 1979 Masaka na Mbarara zilikuwa zimetekwa. Masaka, nyumbani kwa Serumaga, ilibomolewa vibaya, na wengi walilieleza jambo hilo kuwa ni malipo ya yale ambayo Kagera ilitendewa. Hapo ndipo historia ya Kagera na historia ya mwandishi huyo zilipokutana: ukombozi alioutamani ulipita juu ya mji aliokulia na kuuacha magofu.

Machi 24 hadi 26, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, mkoani Kilimanjaro, na kuunda umoja wao wa ukombozi chini ya Profesa Yusuf Lule. Kampala ilianguka Aprili 11. Siku mbili baadaye Lule aliapishwa kuwa Rais, na Robert Serumaga, mtu wa jukwaani, akapewa Wizara ya Biashara.

Shahada yake ya uchumi ilikuwa imempata hatimaye. Nchi aliyokabidhiwa kuisaidia ilikuwa haina bidhaa madukani. Kufukuzwa kwa Waasia kulivunja mtandao wa maduka na viwanda, magendo ya kahawa yalikuwa biashara ya wakubwa, na vita vilimalizia kilichosalia. Waziri wa Biashara katika hali hiyo alihitaji miaka. Alipata wiki kumi tu.

Juni 20, 1979, baada ya siku 68, Lule aliondolewa na chombo cha mashauriano cha umoja uleule uliomweka madarakani, katika mvutano kuhusu nani hasa mwenye mamlaka ya kuteua mawaziri. Nafasi yake ilichukuliwa na Godfrey Binaisa. Wafuasi wa Lule waliandamana Kampala, lakini uamuzi haukubadilika. Serumaga, aliyekuwa upande wa Lule, alirudi Nairobi.

Mei 1980 Binaisa naye aliondolewa na wanajeshi. Uganda ikawa imebadilisha watawala mara tatu katika muda wa miezi 13. Adnagu ya mwaka 1969, nchi ambayo watu wake hawana uhakika nani atakuwa madarakani asubuhi, haikuwa tena kitu cha kubuni hata kidogo.

Serumaga hakuuona mwisho wa mkasa huo. Alifariki dunia Nairobi Septemba 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 41. Desemba ya mwaka huohuo uchaguzi mkuu ulimrudisha Obote Ikulu katika matokeo yaliyopingwa, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza, vikadumu hadi Januari 1986.

Aliacha riwaya moja, tamthilia chache zilizochapishwa na nyingine ambazo, kwa asili yake, haziwezi kukaa vizuri katika karatasi. Renga Moi na Amayirikiti ziliishi katika miili ya waigizaji, na waigizaji hao walitawanyika. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya jina lake lisitajwe sana nje ya madarasa ya fasihi, wakati watu wa rika lake kama Okot p'Bitek na Ngũgĩ wanajulikana hata kwa wasiosoma vitabu vyao.

Sababu nyingine ni siasa. Nchi yake ilipotulia, walioandika historia ya ukombozi walikuwa wenye bunduki, na mtu aliyekaa wizarani kwa wiki kumi hakupewa kurasa nyingi. Upande wa Tanzania nao, Vita vya Kagera husimuliwa kwa haki kama hadithi ya wapiganaji na ya wananchi wa Kagera waliopoteza ndugu na mali. Waganda walioupinga utawala ule kwa kalamu na ngoma kabla risasi ya kwanza haijalia mpakani hubaki pembeni ya simulizi hiyo.

Siku hizi katika mpaka wa Murongo na Kikagati upo mtambo wa umeme wa megawati 14, na maji ya mto ambao Amin alitaka uwe ukuta yanawasha taa pande zote mbili. Wafanyabiashara wanavuka asubuhi na kurejea jioni. Kijana wa Karagwe anayekwenda kusoma Mbarara au Kampala anapita bila kujua kwamba njia hiyo iliwahi kuwa ya wakimbizi na ya majeshi.

Akiingia katika maktaba yoyote nzuri ya huko, anaweza kukikuta kitabu chembamba cha Heinemann chenye jina la Robert Serumaga. Swali la Joe Musizi bado limo ndani yake, na mwandishi wake alilijaribu kwa njia zote: alibaki, alikimbia, na alirudi kutawala. Hakuna hata moja iliyompa amani, lakini hakuna aliyoichagua ili mradi asalimike peke yake.